Nilifika Ndani ya Siku Moja

Fomu ile ilitukuta tumechoka. Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula wa pili, na mwalimu mkuu wetu alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu huko kwenye hoteli za kando ya ziwa, akiwa na rundo la karatasi na uso wa mtu aliyeokoka upya. Alituita chumba cha walimu baada ya chai ya saa nne. Akasema shule nzuri hujengwa na uhusiano mzuri, na uhusiano mzuri hauji wenyewe, huwekewa malengo. Kila mwalimu aandike malengo mawili ya kazini na moja la nyumbani, na kila lengo liwe na namba ndani yake.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule hiyo, upande wa Kisugu hapa Kampala, huu mwaka wa ishirini na moja. Babu wa babu yangu alifika Buganda na biashara za watu wa pwani, akaoa, akabaki, nasi wajukuu tumeendelea kusema Kiswahili nyumbani katikati ya watu wanaokiona ni lugha ya askari na wezi. Kila mwaka hunijia mzazi kuuliza mwanawe atafanyia nini hicho Kiswahili kama si kuingia jeshini. Huwa namjibu kwa upole mpaka mwezi wa tatu hivi. Baada ya hapo upole huniishia.

Kwa hiyo fomu niliijaza kama mtu anayefukuza nzi. Kwenye kisanduku cha kwanza niliandika: nitawaheshimu wenzangu. Mwalimu mkuu aliirudisha kesho yake, akanisimamia mezani. Ni Muganda, mtu mwema, na huniongelesha Kiswahili kwa makusudi, kunitia moyo.

"Madamu, hii kuheshimu mimi nitaihesabu namna gani?"

"Heshima haihesabiwi," nikamwambia.

"Basi tafuta ingine. Kitu hesabu hapana, hiyo si lengo. Wewe andika mara ngapi, siku ngapi, dakika ngapi. Mwisho wa muhula tunapima."

Nilikaa na kalamu nikitafuta mtu wa kumwekea namba, na sikuhitaji kutafuta mbali. Katika idara yangu tulikuwa wawili tu, mimi na mwalimu mmoja wa kike, Mkongo, mwenyeji wa Bukavu, aliyeingia Kampala mkimbizi na kupata kazi kwetu miaka minane nyuma. Yeye alishika madarasa ya chini, mimi ya juu. Mchana tulikula pamoja kwenye baraza ya stoo, posho, ndiyo ugali wa huku, na maharage ya shule, na juu yake sombe yake aliyokuja nayo kwenye kikopo, ile mboga ya majani ya muhogo ambayo watu wa huko hawawezi kuishi bila hiyo. Aliniita yaya, maana yake kwao ni dada mkubwa. Katika chumba kile cha walimu ishirini, ndiye mtu pekee ambaye nilikuwa nafurahi kumwona anaingia.

Na nilikuwa nimemkosea. Wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza nilipita nje ya darasa lake, nikasikia anafundisha kitu kwa Kiswahili cha kwao, nikaingia. Sikungoja. Nilimsahihisha pale pale ubaoni, mbele ya watoto sitini wa darasa la tatu, kisha nikatoka nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mchana hakuleta sombe.

"Yaya, ungeningoja inje," aliniambia. "Sasa batoto bote banajua mwalimu wabo hajuwe kitu."

Nilisema samahani, lakini niliisema na mdomo umejaa posho. Tokea siku ile baridi ikaingia kati yetu, na mimi nikaogopa. Nina miaka hamsini na minne. Marafiki wa ujana wamekufa, wamehama, au wamekuwa bibi wa wajukuu, hawana nafasi. Nikimpoteza huyu, nilijiambia, sitapata nguvu ya kuanza na mwingine.

Kwa hiyo nikaandika. Lengo la kwanza: nitakula chakula cha mchana na mwenzangu wa idara mara tatu kwa wiki, nisimsahihishe hata mara moja. Lengo la pili: mwenzangu akipatwa na shida, nitamfikia nyumbani kwake ndani ya siku moja. La nyumbani: nitamsikiliza mume wangu dakika kumi kila jioni bila kumkatiza. Mwalimu mkuu alifurahi mno. Alilipigia mstari lengo la pili, akasema hilo ndilo lililomkaa moyoni.

La nyumbani ndilo lililonichekesha. Mume wangu alikuwa muuza vitambaa, sasa yuko nyumbani na sukari yake na magoti yake. Jioni ya kwanza nilikaa mbele yake, simu mapajani nimeitegesha dakika kumi, nikanyamaza. Akanieleza habari za jirani aliyechimba shimo la taka karibu na ukuta wetu. Dakika ya nne akasita, akanitazama.

"Mke wangu, daktari amekwambia nini? Nakufa?"

"Hufi. Endelea."

"Mbona unanisikiliza?"

Lakini alizoea. Baada ya wiki mbili akawa ananingoja. Nikirudi namkuta amekaa wima kitini, amevaa kanzu safi, ameshajipangia la kusema. Alianza hata kunisimulia habari za baba yake, ambazo katika ndoa ya miaka thelathini sikuwahi kuzisikia. Sikumwambia kuhusu fomu. Niliona hakuna haja.

Na kazini mambo yalianza kulainika. Nilikula naye mara tatu, wiki nyingine mara nne, na kila mara niliweka tiki kwenye daftari langu dogo. Niliyameza makosa yote niliyoyasikia, na Mungu anajua yalivyonikwama kooni. Sombe ikarudi. Nilianza kudhani kwamba yule mwalimu mkuu na hoteli zake labda wana jambo wanalolijua.

Siku ya msiba ilikuwa Jumanne. Tulikuwa kwenye chai ya saa nne, simu yake ikaita, akasikiliza, akaiweka mezani taratibu. Mama yake amefariki Bukavu. Hakupiga kelele. Alifunga daftari la masahihisho, akaomba ruhusa, akaenda. Kurudi kwao kuzika hakukuwezekana: mtu wa karatasi za ukimbizi akivuka mpaka ule hajui atarudi na nini, na njia zenyewe siku hizo zilikuwa hazipitiki. Alikuwa hajamwona mama yake tangu alipokimbia.

Kesho yake baada ya vipindi sikwenda hata nyumbani kubadili nguo. Nilinunua sukari kilo mbili na maziwa, nikapanda teksi, vibasi vyetu vya abiria, kwenda Nateete upande wa pili wa jiji, foleni ya saa nzima na nusu, kichwa kinaniuma, miguu imevimba. Nilijiona mtu wa maana. Ubaoni nimeandika mara ngapi kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki? Sasa nilikuwa naitenda methali yenyewe.

Nilikuta uani wametanda turubai. Kulikuwa na viti vya plastiki, na mbele, juu ya stuli iliyofunikwa kitenge, picha ya mwanamke mzee aliyefunga kilemba. Wanawake wa kanisa lake walikuwa wanaimba taratibu. Yeye alikuwa chini kwenye mkeka, kichwa wazi, macho yamevimba. Nilimpa mkono, nikamwambia kazi ya Mungu haina makosa, awe na subira, mama amepumzika. Nikakaa kwenye kiti.

Mwanamke mmoja alikuja na mkeka uliokunjwa, akautandaza pembeni ya mwenzangu, karibu kabisa, akanionyesha kwa mkono. Nikamwambia asante mama, mimi niko sawa hapa kwenye kiti, magoti yangu hayataki chini. Akanitazama kidogo, kisha akaenda zake. Mkeka ukabaki pale pale.

Nikaomba dua moyoni. Nikatazama saa. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri ameshazikwa, na penye maiti ndipo penye msiba. Hapa maiti hakuna, nikawaza, na wazikao wako Bukavu. Huu ni utaratibu tu wa watu wa kanisa. Nimeshatoa pole, nimeonekana, giza linaingia na teksi za kurudi ni shida. Baada ya nusu saa niliaga. Mwenzangu aliinua kichwa.

"Unaenda?" aliuliza.

"Naenda, mama. Mungu akutie nguvu."

Kwenye teksi nilitoa daftari nikaandika saa niliyofika. Tangu simu ile iingie hazijapita hata saa thelathini na mbili. Hapo nikashtuka: hiyo si siku moja. Nikahesabu upya, nikaanzia saa aliyotoka shuleni na siyo saa ya simu, na bado zilizidi. Mwisho nikaandika tu: kesho yake. Nikaweka tiki. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya, mtu mzima, na kichwa kinaniuma.

Alirudi kazini Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilikwenda barazani na sahani yangu kama kawaida. Aliniambia, "Karibu, madamu." Siyo yaya. Nilidhani ni huzuni. Kila siku tulikaa, tukala, nikamuuliza umelalaje, akajibu vizuri, nikaweka tiki. Kulikuwa na wiki niliyokula naye mara tano, zaidi ya lengo. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Kumpigia magoti mtu asiyekuambia umemkosea nini ni kazi ya kubeba maji kwa kapu, na mimi, badala ya kuweka kapu chini, nikawa naongeza safari.

Siku ya mwisho ya muhula tukakaa kikao cha kupima malengo. Mwalimu mkuu alisoma fomu moja moja. Mwalimu wa hisabati alipata nusu. Wa sayansi alikwepa. Kisha akafika kwangu, akasimama kabisa.

"Walimu, mnaona madamu wetu? Aliandika, mwenzake akipata shida, yeye atafika ndani ya siku moja. Shida ilikuja. Kufiwa! Na alifika. Nateete kule, na jam yote hiyo, alifika. Na chakula cha mchana, hesabu yake imepita. Hiyo sasa ndiyo lengo. Pigeni makofi."

Walipiga makofi. Mwenzangu alikuwa amekaa dirishani. Naye alipiga, mara tatu, kwa adabu, kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Kisha akaweka mikono yake mapajani. Niliutazama uso wake wakati anayaunganisha mambo: chakula cha mchana, ukimya wangu mbele ya makosa yake, safari ya Nateete. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kusema hapana, haikuwa fomu, nilikuja kwa sababu nakupenda. Lakini fomu ilikuwa mezani, na mwandiko ulikuwa wangu.

Jioni ile nilimweleza mume wangu yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, yeye ambaye hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Na zile jioni za mimi na wewe, zimo kwenye hiyo karatasi?"

Nikasema zimo.

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amevaa ile kanzu yake safi. "Basi leo sina la kusema," akaniambia, akaenda kulala kabla ya isha. Ilichukua muda mrefu kabla hajanisimulia tena habari za baba yake, na hata sasa husimulia kwa mkato, akinitazama mikono kuona kama nimeshika simu.

Katika wiki ya kwanza ya likizo ilikuja habari kwamba mwenzangu ameandika barua. Amepata shule huko huko Nateete, karibu na kwake, hatarudi Kisugu. Mwalimu mkuu alinipigia simu kuniuliza kama najua sababu, maana sisi uhusiano wetu umepimwa na ni mzuri. Nilikata simu. Nilikaa siku mbili nikijionea huruma, nikisema na achague, nimezeeka kwa kubembeleza watu. Siku ya tatu hasira ikaniishia, nikaona kilichobaki chini yake ni woga ule ule wa mwanzo. Nikapanda teksi.

Nilimkuta uani peke yake, amesimama kwenye kinu, anatwanga majani ya sombe. Turubai halipo. Viti vimerudishwa vilikoazimwa. Aliniona, hakuacha kutwanga.

"Matanga ilishaisha, madamu."

"Najua."

"Fomu inasema nini leo?"

"Hakuna fomu. Nimekuja kukaa."

Alitwanga kidogo. Kisha kwa mguu akanisukumia kigoda. Nikakaa. Mara tatu nilifungua kinywa kujitetea, nikakifunga. Mwisho akaanza yeye, macho yake kwenye kinu.

"Kule kwetu, hata maiti iko mbali, matanga ni matanga. Batu banakuya, banalala na weye chini, usilale peke yako na ile kitu. Miye sina ndugu hapa Kampala. Niliambia bale bamama: yaya yangu anakuya, mumuwekee mukeka pembeni yangu, ni yeye atalala pale." Akapumua. "Ulikuya. Ulikaa dakika makumi tatu kwa kiti. Ukaenda. Ile mukeka ilibaki pale siku saba. Batu banauliza, hii ni ya nani, tulalie. Ninabaambia hapana, ni ya yaya. Yeye iko mu njia, anakuya."

"Sikujua," nikasema.

"Haukuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa kweli kwa miaka minane. Nilikuwa sijamuuliza. Nilijua anavyopenda chai yake, nilijua ni herufi gani humshinda ubaoni, nilijua idadi ya siku tulizokula pamoja tangu mwezi wa tano. Kuhusu yule mwanamke wa kilemba kwenye stuli sikujua lolote. Sikujua alikuwa mkulima au mfanyabiashara, aliimba au alinyamaza, alimpiga bintiye au alimdekeza. Nilikuja kumwombea dua mtu ambaye hata sikujua aitwe nani mbele ya Mungu. Katika dua yangu siku ile nilisema tu: mama wa mwenzangu.

"Mama aliitwa nani?" nikauliza.

Mchi ukasimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, akinikagua kama anatafuta mahali nilipoificha kalamu. Nikaonyesha mikono yangu mitupu, sijui kwa nini. Hakutabasamu.

Kisha akalitaja. Akaniambia ni nani aliyempa mama, na kwa sababu gani, na jinsi baba wa mwenzangu alivyokuwa akiliita kwa sauti kutoka ng'ambo ya mto jioni akirudi shambani, na jinsi ambavyo tangu simu ile hakuna mtu Kampala nzima aliyemwomba alitamke. Alipofika hapo akaketi chini kwenye simenti, majani ya sombe yamemganda mikononi, akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho mara ya kwanza sikukaa nikakisikia.

Magoti yangu hayataki chini. Nilishuka nikaketi naye.

Jina hilo sitaliandika hapa, kwa kuwa si langu kuligawa. Lakini kila nikinyanyua mikono baada ya swala ya alfajiri nalitaja, na mwenzangu yuko Nateete, na sombe nakula kwa watu wengine, na bado hajaniita yaya.